Einstein Hakufeli Hesabu: Kweli na Porojo Juu ya Mzee wa Nywele Timutimu

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, Albert Einstein hufufuka kwenye simu zetu. Huja na nywele zake timutimu na maneno chini ya picha: hata yeye alifeli hesabu, kijana usikate tamaa. Wiki mbili baadaye anarudi kutufundisha riba ya benki, na mwezi unaofuata anahubiri habari za samaki anayepimwa akili kwa kupanda mti. Kwa mtu aliyefariki mwaka 1955, ana shughuli nyingi mno. Wahamasishaji wanamtaka awe kilaza aliyetoboa, wahubiri wanamtaka awe muumini, wasioamini wanamtaka awe wa kwao, na wapenda njama wanamtaka awe mwizi wa jasho la mkewe. Einstein halisi alikuwa mgumu kupendeka kuliko hao wote, na kwa maoni yangu anavutia zaidi.

Alifeli hesabu shuleni

Si kweli, na mwenyewe alikanusha angali hai. Mwaka 1935, akiwa Princeton huko Marekani, rabi mmoja alimwonyesha safu ya gazeti iliyodai kwamba mwanahisabati mkubwa kuliko wote walio hai aliwahi kufeli hesabu. Einstein alijibu kwamba hajafeli hesabu hata siku moja, na kwamba kabla hajatimiza miaka 15 alikuwa ameshaimudu kalkulasi.

Hakuwa anajisifu bure. Nyumbani kwao Munich, wazazi wake walikuwa na desturi ya kumkaribisha chakula kila wiki mwanafunzi mmoja maskini wa udaktari, Max Talmud. Talmud alimletea Albert vitabu vya sayansi na jiometri alipokuwa na miaka kama 12. Haukupita muda, mgeni akaona kijana ameshamwacha mbali kwenye hesabu, akaamua kumletea vitabu vya falsafa.

Uvumi huu una chanzo chake. Mwaka 1895, akiwa na miaka 16, alijaribu mtihani wa kuingia chuo cha ufundi cha Zürich, Uswisi, ambacho kwa kawaida kilitaka mtu wa miaka 18. Hesabu na fizikia alizipasua. Masomo mengine, Kifaransa kikiwemo, yakamwangusha. Akapelekwa Aarau kumalizia sekondari, na cheti alichopata huko mwaka 1896 kipo hadi leo: aljebra 6, jiometri 6, fizikia 6, Kifaransa 3. Uswisi 6 ndiyo alama ya juu kabisa. Ujerumani ni kinyume, 1 ndiyo ya juu, kwa hiyo Mjerumani asiyejua mambo ya Uswisi anaweza kukishika cheti hicho akadhani ni cha mbumbumbu.

Kilicho kweli ni kwamba alikuwa mwanafunzi msumbufu. Chuoni Zürich alikwepa vipindi, na mitihani ilipokaribia alisomea madaftari ya rafiki yake Marcel Grossmann. Profesa wake wa fizikia, Heinrich Weber, Einstein alikuwa akimwita "Bwana Weber" badala ya "Bwana Profesa". Aliyepita vyuo vyetu anajua jambo kama hilo huishia wapi. Alipomaliza mwaka 1900, wenzake waliofaulu pamoja naye walipata kazi za usaidizi chuoni, yeye akaachwa. Kwa hiyo mtoto aliyepata sifuri ya hesabu hana la kufanana na Einstein. Anayefanana naye ni yule anayejibizana na walimu, na huyo hakuna anayemtumia ujumbe wa kumtia moyo.

Alichelewa kusema

Kweli. Wazazi wake walihangaika hadi wakaenda kwa daktari. Dada yake Maja aliandika baadaye kwamba hata alipoanza kusema alikuwa na tabia ya kuirudia kila sentensi kwa sauti ya chini, midomo ikichezacheza, hata kama ni jambo la kawaida tu.

Mkewe ndiye aliyeandika nadharia ya uhusianifu

Hili linapendwa sana siku hizi, na ushahidi wake ni mwembamba. Mwaka 1905 Einstein alikuwa mtaalamu wa daraja la tatu katika ofisi ya hataza ya Bern, akikagua maombi ya wavumbuzi, kazi aliyoipata kwa msaada wa baba yake Grossmann. Ndani ya mwaka huo mmoja alichapisha makala juu ya mwanga, juu ya mtikisiko wa chembe ndogo ndani ya maji, juu ya uhusianifu, na ile fupi iliyozaa E=mc². Makala ya uhusianifu haitaji marejeo yoyote, na mwishoni inamshukuru mtu mmoja tu: Michele Besso, rafiki yake na mwenzake wa ofisini. Mileva Marić, mkewe, hatajwi. Wanaomtetea Mileva hushika barua ya mwaka 1901 ambamo Einstein anamwandikia juu ya "kazi yetu" kuhusu mwendo. Ni kweli aliandika hivyo. Lakini barua za Mileva mwenyewe zilizobaki hazionyeshi kwamba alikuwa akiijenga nadharia hiyo, na hata walipoachana kwa uchungu hakudai hadharani kwamba ni yake.

Kinachoniudhi katika uvumi huu ni kwamba unampa Mileva sifa asiyoidai, kisha unafunika yaliyompata. Alikuwa Mserbia, mwanamke pekee katika kundi lao la hesabu na fizikia pale Zürich, enzi ambazo vyuo vingi vya Ulaya havikumtaka mwanamke hata mlangoni. Alifeli mtihani wa mwisho mwaka 1900. Akarudia mwaka 1901 akiwa na mimba ya Einstein, akafeli tena. Mtoto, wa kike, akiitwa Lieserl, alizaliwa mapema 1902 kwa wazazi wa Mileva, kabla ya ndoa. Dunia haikujua kwamba mtoto huyo aliwahi kuwepo hadi barua za wawili hao zilipochapishwa miaka ya 1980. Kama alikufa angali mchanga au alilelewa na watu wengine, watafiti wanabishana mpaka leo, na hakuna ushahidi kwamba baba yake alimtia machoni.

Kisha ukaja mwaka 1914. Familia ilikuwa imehamia Berlin na Einstein alikuwa ameshazama kwa Elsa, ambaye mama zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Wazungu humwita binamu yake. Kwa hesabu za kwetu ni dada yake, mtoto wa mama mkubwa. Mileva akakabidhiwa masharti ya maandishi kama anataka waendelee kukaa nyumba moja. Nguo za mume ziwe safi na zimepangwa. Chakula aletewe chumbani, mara tatu kwa siku. Asitarajie mapenzi wala kumlalamikia. Akiambiwa anyamaze, anyamaze. Akiambiwa atoke chumbani, atoke. Mileva alikubali kwanza, halafu muda si mrefu akachukua wanawe wawili, Hans Albert na Eduard, akarudi Zürich.

Talaka ilitoka mwaka 1919. Katika makubaliano Einstein aliahidi kumpa Mileva fedha za Tuzo ya Nobel, tuzo ambayo wakati huo hakuwa ameipata. Alijiamini kiasi hicho, na lazima tukiri kwamba Mileva naye alimwamini kiasi hicho. Fedha zilipopatikana zilikwenda kwake, akanunua nyumba Zürich. Baadaye mali hiyo ilizidi kupungua kwa gharama za kumtunza Eduard, aliyepatwa na skizofrenia akiwa kijana wa chuo. Baba yake alimwona mara ya mwisho mwaka 1933, kabla ya kuhamia Marekani. Baba aliishi miaka 22 zaidi, na hawakuonana tena. Einstein mwenyewe aliwahi kuandika kwamba anaipenda sana haki ya jamii, lakini haja ya kuwa karibu na watu haimsumbui. Alijijua.

Alipewa Nobel kwa nadharia ya uhusianifu

Hapana. Tuzo ya mwaka 1921, iliyotangazwa Novemba 1922 akiwa safarini kwenda Japani, ilikuwa hasa kwa kueleza jinsi mwanga unavyong'oa elektroni kwenye metali. Uhusianifu ulikuwa bado na ubishi ndani ya kamati, ijapokuwa tarehe 29 Mei 1919 Arthur Eddington alikuwa ameshapiga picha za kupatwa kwa jua katika kisiwa cha Príncipe, nje ya pwani ya Afrika, huku wenzake wakipiga zao Brazil. Picha hizo zilionyesha kwamba mwanga wa nyota hupinda ukipita karibu na jua. Umaarufu wa Einstein duniani ulianzia hapo, na sehemu yake ilitoka kwenye shamba la kakao la Wareno kisiwani humo.

Aliunda bomu la atomiki

Hakuliunda, lakini mkono wake umo kwenye karatasi.

E=mc² inasema maada kidogo ina nishati nyingi mno. Haikuelezi namna ya kuitoa nishati hiyo, sawa na mtu kukuambia kuna dhahabu chini ya mlima bila kukupa sururu. Sururu ilipatikana Desemba 1938, pale Otto Hahn na Fritz Strassmann mjini Berlin walipoona kiini cha urani kikipasuka, na Lise Meitner na mpwa wake Otto Frisch wakaeleza kilichotokea. Kiangazi cha 1939 Leo Szilard na Eugene Wigner, wanafizikia waliotoka Hungaria, walikwenda kumtafuta Einstein kwenye nyumba ya mapumziko kule Long Island, karibu na New York. Walizunguka sana bila kuiona, mwishowe wakamwuliza mtoto mmoja njiani, naye akawaelekeza. Szilard alipoeleza jinsi mpasuko mmoja unavyoweza kuzaa mingine mfululizo, Einstein alikiri kwamba jambo hilo halijawahi kumpitia akilini.

Kilichowapeleka kwake kwanza hakikuwa fizikia. Kilikuwa Kongo. Urani nzuri kuliko yote ilikuwa Katanga, kwenye mgodi wa Shinkolobwe, na Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji. Einstein alikuwa na urafiki na Elisabeth, mke wa marehemu mfalme wa Ubelgiji, kwa hiyo Szilard alitaka aandike kuwaonya Wabelgiji wasiiache shehena hiyo ikaangukia mikononi mwa Hitler. Ndipo wazo likakua likawa barua kwa Rais Roosevelt, yenye tarehe 2 Agosti 1939. Szilard ndiye aliyeitayarisha, Einstein akatia sahihi. Ndani yake Kongo imetajwa kwa jina kuwa ndiyo chimbuko kubwa la urani.

Barua hiyo hunukuliwa kila mara, na sentensi ya Kongo hurukwa kila mara. Madini ya Shinkolobwe yalisafirishwa hadi New York, zaidi ya tani 1,000 mwaka 1940 pekee, na sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka huko. Katanga ni nchi ya Kiswahili. Wachimbaji walioitoa ardhini hawana jina katika filamu wala katika vitabu vingi vya historia ya bomu, ilhali sahihi ya mzee mmoja wa Princeton inajulikana na kila mtu.

Einstein mwenyewe hakuruhusiwa kuukaribia mradi wa bomu. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilimnyima kibali cha usalama, maana siasa zake za mrengo wa kushoto na za kupinga vita ziliwatia shaka, na FBI ilikuwa ikimkusanyia faili lililokuja kupita kurasa 1,400. Muda mfupi kabla ya kufa alimwambia mkemia Linus Pauling kwamba kutia sahihi barua ile lilikuwa kosa kubwa, ila kulikuwa na sababu: hofu kwamba Wajerumani wangelitengeneza kwanza.

Alikuwa mbaguzi. Hapana, alikuwa mtetezi wa watu weusi

Yote mawili yameandikwa kwa mkono wake au yamesemwa kwa kinywa chake.

Katika safari yake ya Asia ya 1922 na 1923 aliweka shajara ambayo hakutarajia isomwe na watu. Ilipochapishwa kwa Kiingereza mwaka 2018, watu walishtuka. Wachina anawaeleza kama watu wachafu na wazito wa akili, na anaona itakuwa hasara wakiyashinda kwa wingi mataifa mengine. Wenyeji wa Colombo nao hawakusalimika. Wapo wanaosema ndivyo Wazungu wote wa zama zile walivyoona. Si wote, na Einstein hakuwa mtu wa kufuata mkumbo katika jambo lingine lolote.

Kisha yakampata yeye. Wanazi walishika madaraka mwaka 1933, wakachukua nyumba yake na mashua yake, na yeye Myahudi hakurudi tena Ujerumani. Marekani aliikuta Princeton imewatenga watu weusi kuanzia makazi hadi shule. Mwimbaji Marian Anderson aliponyimwa chumba katika hoteli ya mji huo mwaka 1937, alilala kwa Einstein, na tangu hapo akija mjini alikuwa na pa kufikia. Mwaka 1946 Einstein alikwenda Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo cha watu weusi alikosomea Kwame Nkrumah, akapokea shahada ya heshima wakati alikuwa ameacha kupokea shahada hizo kwingine. Aliwaambia wasikilizaji kwamba ubaguzi ni ugonjwa wa watu weupe, na kwamba hana nia ya kuunyamazia. Magazeti makubwa yalilipita jambo hilo.

Alishirikiana na Paul Robeson, mwimbaji ambaye miaka ya 1930 alikuwa London akijifunza Kiswahili, katika kampeni ya kukomesha mauaji ya watu weusi kwa kunyongwa na makundi ya raia. Na mwaka 1951, serikali ilipomshitaki msomi W.E.B. Du Bois, mzee wa miaka 83, kwamba ni wakala wa nchi ya kigeni, Einstein alijitolea kuja mahakamani kumshuhudia tabia. Wakili alimweleza hakimu hivyo. Kesi ikaondolewa kwa kukosa ushahidi, hata hakuhitajika kupanda kizimbani.

Sioni haja ya kupima lipi lilifuta lipi. Aliyeandika ile shajara ana miaka 43, na aliyesimama Lincoln ana 67.

Alimwamini Mungu

Si kwa namna anayoitaka mhubiri. Mungu wake alikuwa mpangilio wenyewe wa ulimwengu, kama alivyofundisha Spinoza, asiyesikiliza sala wala kuadhibu. Ule msemo wake kwamba Mungu hachezi kamari ulitoka katika barua kwa mwanafizikia Max Born mwaka 1926, na ugomvi ulikuwa na fizikia ya kwanta, ambako yeye ndiye aliyekosea kwa jinsi majaribio yalivyoonyesha baadaye. Lakini kukanusha Mungu nako kulimchukiza. Wanaomvuta upande huu na ule wote watachana shati tu.

Ubongo wake ulikuwa mkubwa, na aliutumia kuliko sisi

Ulikuwa na uzito wa gramu 1,230, wa kawaida, pengine chini ya wastani. Hadithi kwamba sisi tunatumia asilimia 10 ya ubongo na yeye zaidi haina msingi wowote wa sayansi. Ajabu ya kweli ni nyingine. Einstein alitaka mwili wake uchomwe, wasije watu wakauhiji. Alipofariki tarehe 18 Aprili 1955, daktari wa hospitali ya Princeton aliyemfanyia uchunguzi, Thomas Harvey, aliutoa ubongo bila ruhusa, na idhini ya Hans Albert akaitafuta baada ya tendo. Aliukata vipande kama 240. Mwaka 1978 mwandishi wa habari alimkuta Kansas, ubongo ukiwa ndani ya mitungi, mitungi ndani ya boksi la kinywaji cha tufaha. Tafiti zilizofanyika baadaye zilitaja tofauti hapa na pale, lakini ubongo mmoja hauthibitishi kitu.

Hakuvaa soksi

Kweli kabisa. Alisema kidole gumba huishia kuzitoboa tu. Alipenda pia kusafiri kwa mashua ya tanga, na hakujua kuogelea.

Maneno yake yanayosambazwa

Yale ya samaki na mti hayajapatikana popote katika maandishi yake. Yale ya kichaa kuwa ni kurudia jambo lile lile ukitegemea matokeo tofauti, nayo hayakutoka kwake. Riba kuwa ajabu ya nane ya dunia, hakuna ushahidi. Lile la kwamba ubunifu ni bora kuliko maarifa ni lake, alilisema katika mahojiano ya mwaka 1929, ila hutumiwa zaidi na wasiotaka kusoma. Aliyelisema alitumia miaka minane akihangaika na hesabu za nadharia yake ya mvutano, akimwita Grossmann amsaidie.

Picha ya ulimi ilimkera

Hata kidogo. Ilikuwa tarehe 14 Machi 1951, siku alipotimiza miaka 72. Alikuwa ametoka kwenye sherehe, amechoka, amebanwa kiti cha nyuma cha gari kati ya rafiki yake Frank Aydelotte na mkewe, na wapiga picha wakizidi kumsihi atabasamu mara moja zaidi. Akawatolea ulimi. Mpiga picha Arthur Sasse aliiwahi. Wakubwa wa shirika lake wakajadiliana kama inafaa kutolewa au itamvunjia mzee heshima, lakini mzee mwenyewe aliipenda, akaagiza nakala, akawakata bwana na bibi Aydelotte pembeni, na kuwatumia marafiki kama kadi.